Hei Ndiyo Ugali wa Sungura

Maneno haya niliyasema mbele ya familia zinazofuga sungura nyumbani, hapa Nakuru. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, isipokuwa pale nilipokohoa.

Wazazi wenzangu, vijana, na nyinyi watoto mliokaa hapo mbele na vikapu vyenu: hamjambo? Nimeambiwa nina nusu saa, na nimeombwa nisilete siasa. Siasa sina. Nilicho nacho ni mifuko minne ya nyasi kavu, yaani hei, ndiyo hii mezani. Mitatu kila mmoja wenu ataitia mkono na pua kabla hatujaachana. Wa nne nimeufunga kwa kamba na nitausemea mwishoni.

Mimi nilikuwa afisa wa mifugo mashinani. Maisha yangu yalikuwa ng'ombe: maziwa, kupe, josho. Sungura nilimjua kama kitoweo. Nikimwendea mfugaji wa sungura, swali langu lilikuwa moja tu: watafika kilo mbili baada ya wiki ngapi? Kisha binti yangu akapewa sungura mweupe, akamwita Pamba, akatangaza mezani kwamba huyu haliwi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui chochote.

Nieleze kwa nini nasema sijui. Sungura wa nyama huchinjwa akiwa na miezi mitatu, minne, labda mitano. Sungura wa nyumbani akitunzwa vizuri hufika miaka minane, hata kumi. Chakula kinachomnenepesha yule wa kwanza haraka hakipati muda wa kumdhuru, kwa sababu kisu humtangulia. Huyu wa pili ana muda wote huo wa kudhurika. Na peleti nyingi, vile vidonge vya chakula kilichobanwa, mnazonunua kwenye maduka ya pembejeo zimetengenezwa kwa ajili ya yule wa kisu. Hakuna anayewadanganya, mfuko umeandikwa wazi kwamba ni chakula cha kukuzia. Ni sisi tunaopita na kikombe asubuhi na jioni, tukijaza sahani mpaka imwagike, tukidhani tunapenda.

Mimi nilifanya zaidi ya hapo. Kwa akili yangu ya ng'ombe, nilijua nyasi bora kuliko zote ni lusini, ile ambayo wengine huiita alfaalfa. Naivasha wanailima kwa umwagiliaji, na ng'ombe akiila unaona maziwa kwenye ndoo. Basi Pamba akala lusini na peleti, peleti na lusini, mwaka na nusu. Alikuwa mnene, anang'aa, kila mgeni anamsifu. Siku moja mkojo wake ukatoka mzito na mweupe kama chokaa ya kupakia ukuta. Akajikunyata pembeni, akawa anasaga meno, si kwa kutafuna, kwa maumivu. Daktari alimwokoa, lakini aliniuliza swali ambalo bado linanichoma: "Wewe ulisomea mifugo, na hujui huyu hacheui?"

Tuanzie hapo basi. Ng'ombe hucheua. Ana matumbo manne, nyasi hukaa huko zikichachuka kabla hazijafika mbali. Sungura hacheui, na hata kutapika hawezi. Kilichoingia kimeingia, lazima kipite mpaka mwisho. Kiwanda chake cha kuchachusha kiko nyuma, pale utumbo mwembamba unapokutana na ule mpana. Kuna mfuko mkubwa pale, madaktari huuita sekamu, na ni mpana kuliko tumbo lenyewe. Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaomlisha.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lilinishangaza nikiwa mtu mzima mwenye cheti. Nyasi zikishatafunwa na kufika kwenye utumbo mpana, utumbo huo huzichambua, kama mama anavyopepeta mchele kwenye ungo. Vipande virefu na vigumu husukumwa mbele, vikatoka kama zile gololi kavu mnazofagia kila asubuhi. Vipande vidogo pamoja na majimaji hurudishwa nyuma mpaka kwenye sekamu, bakteria wakavishughulikia. Baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku au alfajiri, hutoka kinyesi cha aina ya pili: laini, chenye kung'aa, vipunje vimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu. Hicho sungura hukila palepale kinapotoka, kwa kuinama tu.

Naona watoto wanacheka. Chekeni, lakini jueni kwamba mle ndimo mna protini na vitamini za kundi B zilizotengenezwa na bakteria. Sungura anayezuiwa kula kinyesi hicho anadhoofika. Na sungura mnene kupita kiasi hawezi kuinama akakifikia. Kinagandamana kwenye manyoya ya nyuma, nzi wanakuja, na nzi wakishataga mayai hapo mna funza ndani ya siku moja. Nimewahi kuyaona. Sitayaeleza zaidi, kuna keki mnakwenda kula.

Sasa ile sehemu ngumu ya nyasi, ile inayosukumwa nje bila kumeng'enywa, ina kazi gani? Kwa hesabu ya virutubisho, karibu hakuna. Lakini ndiyo inayousukuma utumbo. Ni mfagio na ni injini kwa pamoja. Ikikosekana, utumbo unapunguza mwendo, chakula kinakauka tumboni, gesi inajaa, sungura anaacha kula kwa sababu anaumwa, na kwa kuwa ameacha kula utumbo unasimama kabisa. Mkiona sungura hajala wala hajatoa kinyesi kwa saa kumi na mbili, msingoje kesho. Hiyo ni dharura sawa na ya mtoto mchanga aliyekataa kunyonya.

Hapo ndipo watu wengi wananishika: "Lakini mwalimu, peleti zangu zimeandikwa nyuzinyuzi asilimia kumi na nane." Kweli. Ila nyuzinyuzi zile zimesagwa zikawa unga, ndipo zikabanwa zikawa peleti. Ule ungo wa utumbo hausomi maandishi ya mfuko, unapima urefu wa kipande. Unga ni unga. Unarudishwa kwenye sekamu pamoja na vilivyo vidogo, na kazi ya mfagio haina wa kuifanya. Kwa hiyo peleti na hei, hata zingekuwa na asilimia ileile, si kitu kimoja.

Na meno pia. Sungura ana meno ishirini na manane, yote yanakua maisha yake yote. Ya mbele hukua kama milimita mbili kwa wiki. Akitafuna hei, taya huenda upande upande, magego yakasagana na kuliwa sawasawa. Akila peleti hupasua tu kwa juu na chini, mara chache, amemaliza. Magego yasiyosagwa huota ncha kali zinazochoma ulimi na mashavu. Kisha mtu analeta sungura kwa daktari akisema amekuwa na maringo, hataki kula.

Basi ndiyo maana nasema hei ni ugali. Vingine vyote, sukuma, karoti, peleti, kishonanguo cha shambani, ni mboga ya kulia huo ugali. Sungura mzima mkubwa, zaidi ya robo tatu ya anachokula iwe nyasi, na fungu la hei la kutwa lilingane na mwili wake kwa ukubwa, na lisiishe. Peleti, kama lazima, ni gramu kama 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mlete mzani wa jikoni mpime, mtaona ni kidogo hadi mtaona aibu.

Haya, mifuko.

Wa kwanza, huu, ni Boma Rhodes. Wengi wenu mmepita mashamba yake mkielekea Eldama Ravine au Eldoret. Ni nyasi ya Afrika, ilikuwa ikiota hapa kabla ya Cecil Rhodes, yule bwana ambaye jina lake imebeba, kuipanda kwenye shamba lake kule Cape, Afrika Kusini, mwishoni mwa karne ya 19. Neno Boma mbele yake linatuambia ni aina iliyochaguliwa hapahapa Kenya. Shikeni. Shina ni jembamba, majani ni marefu, inakwaruza kidogo. Protini yake ikikatwa mapema ni kama asilimia tisa au kumi, kalsiamu ni ya wastani, nyuzinyuzi ni nyingi. Ni nyasi ya joto, na nyasi za joto hazihifadhi sukari kama zinavyofanya zile za nchi za baridi. Kwa sungura mkubwa asiye na mimba, sijaona sababu ya kutafuta kingine.

Lakini Rhodes haifanani na Rhodes. Ikikatwa inapoanza tu kuchanua ina majani mengi na ladha. Mkulima anayetaka mbegu huiacha ikomae, akavuna mbegu zake, halafu akafunga marobota ya kilichobaki. Hicho nacho huuzwa kama hei. Ni mabua. Hakimdhuru sungura, meno yatashukuru, lakini akipewa hicho peke yake atakonda, na mara nyingi atachagua vijani vichache na kulala juu ya vingine. Kwa hiyo msiulize tu ni nyasi gani, ulizeni pia ilikatwa lini. Kwa maoni yangu swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Jibu la kweli hulipati mdomoni mwa muuzaji, unalipata kwa kufungua robota katikati na kutazama kama kuna majani au vijiti.

Wa pili ni lusini. Angalieni rangi, nuseni, inanukia kama chai. Hii si nyasi kwa maana halisi, ni ndugu wa maharagwe. Protini asilimia kumi na tano mpaka ishirini, na kalsiamu mara tatu, wakati mwingine mara nne ya ile ya nyasi. Sasa sungura ana tabia ya pekee: mwili wake hunyonya kalsiamu karibu yote iliyo katika chakula, ihitajike isihitajike, kisha hutoa ya ziada kwa mkojo. Wanyama wengi hunyonya wanachohitaji tu na kingine kikatoka na kinyesi. Ndiyo maana Pamba alikojoa chokaa. Ikizidi, inatulia kwenye kibofu kama matope, na baadaye inakuwa mawe.

Je, tuichome lusini? Hapana. Sungura mdogo anayekua, mpaka kama miezi sita, anaihitaji ikichanganywa na nyasi. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha vilevile. Mzee aliyekonda anaweza kuonjeshwa. Kwa wengine ni kitumbua cha sikukuu.

Na hapa niseme jambo la majina, kwa sababu limeshaleta msiba kwa jirani mmoja. Lusini si lusina. Lusina ni ule mti wa majani madogo madogo tunaopanda kwa ajili ya mbuzi. Una sumu inayoitwa mimosini ambayo mbuzi, akiwa na bakteria wanaofaa tumboni, huimudu. Sungura hana huyo bakteria. Humnyonyoa manyoya na kumdhoofisha. Mtu ameambiwa dukani "mpe lusini", akaenda nyuma ya nyumba akakata lusina. Herufi moja.

Wa tatu ni timothi, kutoka ng'ambo. Najua wengi wenu mmekuja kwa ajili ya huu. Mmesoma kwenye simu kwamba sungura lazima ale timothi, mkazunguka Nairobi nzima, mkalipa pesa ambazo kwa robota la Rhodes zingelisha sungura miezi. Hii nayo ina jina la mtu: Timothy Hanson, mkulima wa Marekani aliyeieneza huko karne ya 18, ingawa asili yake ni Ulaya. Ni nyasi nzuri sana. Protini yake ni kama asilimia nane hadi kumi, kalsiamu kidogo, shina imara. Nirudie tarakimu za mfuko wa kwanza? Mnaona zinakaribiana kama ndugu.

Vitabu vya sungura vinasifu timothi kwa sababu viliandikwa mahali timothi inapoota. Vingeandikwa Kitale vingesifu Rhodes. Sungura hana paspoti, anachotafuta ni shina refu lililokauka vizuri. Kama una uwezo na sungura wako ameizoea, endelea, sitakukataza. Ila usimnyime mnyama hei wiki mbili ukisubiri mzigo wa timothi huku Rhodes imejaa pale barabarani. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na sungura yule alikuwa akilishwa mkate.

Mabua ya ngano kutoka Njoro hamuyaoni hapa kwa sababu si chakula, ni matandiko. Akiyatafuna kidogo si neno. Hei ya oti ni nyingine, hiyo ni chakula, ila ikiwa na masuke yaliyojaa punje, yale masuke ni nafaka, ni wanga. Wanga mwingi ukifika kwenye sekamu bila kumeng'enywa hulisha bakteria wabaya, wale wa jamii ya Clostridium, ambao hutoa sumu. Sungura wadogo walioachishwa kunyonya hufa kwa kuharisha namna hii kwa usiku mmoja. Ndiyo maana mahindi, mkate, biskuti na pumba kwa bakuli siyataki kwenye vizimba vyenu. Pumba za mahindi zina ubaya wa pili. Mnakumbuka mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu kwenye mahindi. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi na sumu hiyohiyo.

Kuna mzee ameinua mkono. Anasema, nirudie kwa sauti ili wote wasikie, kwamba bibi yake alimfundisha kutompa sungura majani yenye umande, yanamuua. Asante, mzee. Bibi aliona kweli, ila nafikiri alimshtaki asiyehusika. Umande ni maji, na sungura wa porini hula majani yenye umande kila alfajiri. Kinachoua ni mambo matatu yanayokuja pamoja na majani mabichi. La kwanza ni kubadilisha ghafla: jana hei, leo gunia la majani mabichi, bakteria hawajajiandaa. La pili ni kurundika: majani yaliyokatwa, hasa yale ya mashine ya kukatia nyasi za uani, ukiyaacha kwenye rundo yanapata joto na kuchacha. Tia mkono ndani ya rundo uone. La tatu ni vimelea vya koksidia vinavyotoka kwenye kinyesi cha sungura wengine na kushika kwenye nyasi za mahali penye unyevu. Kwa hiyo ukimfuata bibi utasalimika, hata kama sababu aliyoitoa siyo. Na matete mabichi, kwa kuwa najua swali linakuja: majani machache, sawa. Matete makavu yanasumbua, shina ni nene, nje limekauka na ndani limeoza.

Jinsi ya kubadilisha hei, niliseme haraka. Wiki ya kwanza robo mpya na robo tatu ya zamani, wiki ya pili nusu kwa nusu, wiki ya tatu robo tatu. Pamba alikataa Rhodes siku nne nzima, akanigeuzia mgongo. Nikainyunyizia vumbi la lusini iliyobaki chini ya mfuko, akaanza. Alikula Rhodes mpaka alipotimiza miaka tisa. Na maji, tafadhali, bakuli zito lisilopinduka, kwa sababu nyasi kavu bila maji ni kama kula unga mbichi.

Mkitaka kujua kama hei yenu inafaa, msiniulize mimi, wala muuzaji. Fagieni kizimba. Gololi kubwa, za rangi ya kahawia ya majani makavu, ukiibonyeza inapasuka na kuonekana nyuzi: hei inafaa. Gololi ndogo, nyeusi, ngumu, za umbo la matone: nyuzinyuzi hazitoshi au hanywi maji. Zimeunganishwa na manyoya kama shanga: mchane, na umwongezee hei. Vile vishada laini vikibaki sakafuni asubuhi havikuliwa: punguza peleti, punguza lusini. Mkojo mwekundu usiwatishe siku hiyo hiyo, mara nyingi ni rangi ya mimea aliyokula. Mweupe mzito kila siku, huo ndio wa kunikumbuka.

Sasa mfuko wa nne. Kwa macho ndio wa kijani kuliko yote, na niliuziwa kwa bei ya juu kwa sababu hiyo. Ni Rhodes, ilikatwa mapema, kila kitu sawa, isipokuwa ilifungwa robota kabla haijakauka. Nje inapendeza. Katikati mna vumbi jeupe na joto. Sungura hupumua kwa pua tu, kwa mdomo hawezi, kwa hiyo vumbi hilo halina njia nyingine ya kupita. Nitaufungua nje, nyuma ya ukumbi, tusimame upande upepo unakotoka. Watoto na wenye pumu mbaki humu na ile mifuko mitatu. Wengine, leteni leso za kufunika pua, twendeni.